Buibui Nyumbani Mwetu: Yupi wa Kuogopa, Yupi wa Kumwacha?

Mtoto anaamka asubuhi akiwa na malengelenge pembeni mwa mdomo. Kabla hata hajanawa uso, jirani ameshatoa hukumu: "Huyo amekojolewa na buibui." Bibi anaagiza majivu, shangazi anashauri mafuta ya taa, na baba watoto anatoka kwenda dukani kutafuta dawa ya kupulizia. Ifikapo jioni kila utando umefagiliwa, nyumba nzima inanuka dawa, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama kweli buibui alihusika.

Mpendwa msomaji, hakuna nyumba isiyo na buibui. Wamo darini, nyuma ya kabati, chooni, jikoni na chini ya ndoo iliyofunikwa uani. Iwe nyumba ya matofali na vigae au ya udongo na makuti, wao ni wapangaji wasiolipa kodi. Kwa kuwa tunaishi nao, inatupasa sisi akina mama tuwafahamu. Kutowafahamu kuna gharama mbili. Ya kwanza ni kwamba tunaweza kumpuuza yule mmoja mwenye hatari. Ya pili, ambayo ndiyo hutokea mara nyingi zaidi, ni kwamba tunaweza kumlaumu buibui huku ugonjwa wenyewe ukiendelea kumla mtoto au mwenzi wetu.

Buibui ni kiumbe gani?

Watu wengi humhesabu buibui kuwa mdudu kama mende au nzi. Kwa kweli yeye ni wa jamaa nyingine. Mdudu ana miguu sita, lakini buibui ana minane, na mwili wake umegawanyika sehemu mbili tu. Ndugu zake wa karibu ni nge na kupe. Ifikapo mwaka 2022 wataalamu walikuwa wamekwisha kuorodhesha aina zaidi ya 50,000 za buibui duniani.

Karibu wote wana sumu. Jambo hili huwashtua wengi, lakini tusiogope mapema. Sumu hiyo ni ya kuulia nzi, mbu, nondo na mende, nayo ni kidogo sana. Wengi wao wana meno mafupi na dhaifu yasiyoweza hata kutoboa ngozi ya mtu. Buibui hanyonyi damu ya binadamu na wala hatutafuti usiku tukiwa tumelala. Anapouma mtu, mara nyingi ni kwa sababu amebanwa ndani ya nguo, ndani ya kiatu au chini ya mkono, naye anajaribu kuokoa maisha yake.

Je, buibui hukojoa mkojo unaounguza? La. Uchafu wake ni kitu kizito, cheupe au cheusi, kinachoacha madoa madogo ukutani. Madoa hayo yanachosha kuyasugua, lakini hayachomi ngozi ya mtu.

Lawama zisizo zake

Basi yale malengelenge hutoka wapi? Hapa ndipo penye jambo kubwa ambalo tungependa kila mama alishike.

Vidonda vidogo vinavyotokea kwenye midomo, hasa baada ya homa au malaria, kwa kawaida huletwa na virusi vinavyojificha mwilini na kuamka mwili unapochoka. Vidonda hivyo hupona vyenyewe baada ya siku kadhaa, lakini huambukiza. Mama mwenye kidonda cha namna hiyo asimbusu mtoto mchanga wala kumwonjea chakula kwa kijiko kimoja.

Malengelenge yaliyopangika kama mshipi upande mmoja tu wa mwili, ubavuni, mgongoni au usoni, yenye maumivu ya kuchoma kama moto, mara nyingi ni mkanda wa jeshi. Ugonjwa huu huletwa na virusi vilevile vya tetekuwanga, ambavyo hubaki mwilini miaka mingi baada ya mtu kupona. Zipo dawa zake, nazo hufanya kazi vizuri zaidi zikianza kutumika ndani ya siku 3 tangu malengelenge yatokee. Siku hizo 3 ndizo zinazopotea wakati familia inapaka majivu na kumsaka buibui. Zaidi ya hayo, mkanda wa jeshi ukimtokea mtu ambaye bado ni kijana, unaweza kuwa dalili kwamba kinga ya mwili imepungua, na hivyo ni busara apime VVU. Akigundulika mapema na kuanza dawa, anaweza kuishi miaka mingi na kulea watoto wake. Kumwambia mtu kama huyo kwamba amekojolewa na buibui ni kumfungia mlango wa kliniki.

Mshitakiwa wa tatu ni yule mdudu aitwaye nzi wa Nairobi. Jina linadanganya, kwa maana si nzi. Ni mbawakawa mwembamba, mdogo, mwenye rangi nyeusi na nyekundu inayoelekea chungwa, anayefanana na siafu. Haumi wala hachomi. Lakini tukimponda juu ya ngozi, maji ya mwili wake yana sumu kali ambayo, baada ya siku moja au mbili, huacha mstari mwekundu wenye malengelenge na maumivu. Mikono ikigusa sumu hiyo kisha ikafikicha jicho, jicho huvimba vibaya. Wadudu hawa huongezeka sana nyakati za mvua nyingi. Wengi wanakumbuka mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka 1997 na mwanzoni mwa 1998, jinsi walivyojaa majumbani Kenya na Tanzania, wakivutwa na taa za usiku. Dawa ya kwanza ni kutomponda. Mpulize kwa pumzi au mwondoe kwa kipande cha karatasi, kisha osha mahali alipopita kwa sabuni na maji.

Tusisahau pia majipu na vidonda vya usaha vinavyoletwa na bakteria, ambavyo huanza kama kipele kilichoumwa na kitu. Nao akina mama wa sehemu za wafugaji wakumbuke kimeta. Mtu aliyechuna au kushika mnyama aliyekufa anaweza kupata kidonda kisichouma sana, chenye gamba jeusi katikati na uvimbe kandokando. Watu wakisema "ni buibui," mgonjwa hukaa nyumbani, na kimeta kinaweza kuua.

Mwisho, kitu kikimuuma mtu usiku gizani, tusiseme haraka kuwa ni buibui. Wapo nyoka wanaoingia ndani na kumuuma mtu aliyelala sakafuni. Ukiona uvimbe unaopanda haraka, alama mbili za meno, kope zinazolegea, au damu isiyokoma, hilo si jambo la kusubiri asubuhi.

Wapangaji wema

Tukishamwondolea buibui mashtaka hayo, hebu tumtazame anavyofanya kazi nyumbani mwetu.

Yupo yule mwenye miguu mirefu kama uzi, anayening'inia kichwa chini kwenye pembe za dari. Ukimgusa, hutikisika upesi mpaka haonekani vizuri. Huyu hana madhara kwa mtu. Utando wake ni ovyo ovyo na hukusanya vumbi, lakini ndani yake mna mbu, nzi wadogo, na hata buibui wenzake.

Yupo yule bapa kama karatasi, anayekaa ukutani bila utando na kukimbia upande upande kwa kasi ya ajabu. Wengi hupiga yowe wakimwona, lakini yeye hutafuta ufa wa kujifichia.

Yupo mkubwa wa kahawia, ambaye akinyoosha miguu anaweza kujaa kiganja cha mkono. Anapatikana katika nchi nyingi za joto duniani, na hupenda bohari, stoo na jikoni. Jike lake hubeba kifuko cha mayai chini ya tumbo, kama mama aliyebeba mzigo kifuani. Anatisha, na akibanwa anaweza kuuma kwa uchungu wa muda mfupi. Lakini chakula anachokipenda ni mende. Mama mwenye buibui huyu stoo ajiulize kwanza: amefuata nini humu? Mara nyingi jibu limo nyuma ya gunia la unga.

Bustanini yupo yule mkubwa wa utando wa rangi ya dhahabu, uliotandazwa kati ya miti. Jike ni mkubwa, dume ni kidogo sana hata unaweza kudhani ni mtoto wake. Huko Madagaska mafundi walikusanya uzi wa jamaa ya buibui hawa zaidi ya milioni 1, wakiwarudisha porini baada ya kuwatoa uzi, wakafuma nguo ya rangi ya dhahabu bila kutia rangi yoyote. Joho lililotokana na kazi hiyo lilionyeshwa mwaka 2012 katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, jijini London. Sisi tunaotumia ufagio kuondoa utando tunaweza kustaajabu kwamba kuna watu waliouvaa!

Katika Biblia, kitabu cha Ayubu na kile cha Isaya vinautaja utando wa buibui kama mfano wa kitu kisichotegemewa. Majirani zetu Waislamu nao wana mapokeo kwamba utando wa buibui ulifunika mlango wa pango ambamo Mtume wao alikuwa amejificha, na kwa sababu hiyo wako wengi, hasa pwani, wasiopenda kumuua. Ndiyo maana unaweza kuingia nyumba safi kabisa ya Lamu au Tanga ukaona mama mwenye nyumba akimpitia buibui mbali kwa ufagio wake.

Mla mbu wa Ziwa Viktoria

Kuna buibui mmoja wa Afrika Mashariki anayestahili kutajwa peke yake. Anaishi kwenye kuta za nyumba na majani yaliyo karibu, kandokando ya Ziwa Viktoria, upande wa Kenya na Uganda. Ni mdogo, hazidi punje ya mchele. Hatengi mtego wa utando, bali huvizia na kuruka kama paka. Wataalamu walimpa jina rasmi mwaka 2003, Evarcha culicivora, na neno hilo la pili lina maana ya "mla mbu."

Buibui huyu amechunguzwa kwa miaka mingi huko Mbita, kwenye kituo cha ICIPE, shirika la utafiti wa wadudu lililoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya, Thomas Odhiambo. Mwaka 2005 watafiti walitangaza jambo la ajabu. Buibui huyu, akipewa wadudu wa aina mbalimbali, humchagua mbu jike aliyekwisha kunyonya damu. Hawezi kutunyonya sisi wenyewe, kwa hiyo huipata damu kwa kumla aliyetunyonya. Mwaka 2011 watafiti wakaeleza tena kwamba huvutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa na watu. Basi harufu inayotufanya tuwafukuze waume zetu wakaoshe miguu, kwake ni ishara kwamba mbu hawako mbali.

Hatusemi kwamba tuache kutumia chandarua tumtegemee buibui. Hawezi kumaliza mbu wa nyumba nzima, na mbu mmoja anatosha kumletea mtoto malaria. Chandarua chenye dawa kibaki mahali pake. Tunachosema ni kwamba mkono unaopulizia sumu kila ukuta unaua na walinzi pia.

Wachache wa kuogopa

Hata hivyo, si vyema kusema kwamba buibui wote ni wema. Wapo wachache ambao kila mama awatambue na awaonyeshe watoto wake.

Wa kwanza anaishi karibu nasi kuliko tunavyodhani. Ana rangi ya kahawia au kijivu, tumbo la mviringo kama njegere, na miguu yenye mabaka meusi. Chini ya tumbo ana alama ya rangi ya chungwa au nyekundu, kama pembetatu mbili zilizogusana kwa ncha. Alama nyingine ya kumtambua ni kifuko chake cha mayai: kijipira cha rangi ya maziwa chenye vijiba pande zote. Utando wake ni imara na hauna mpangilio. Hukaa chini ya viti vya plastiki, kwenye vyungu vya maua, ndani ya matairi yaliyotupwa, kwenye pembe za madirisha na chooni. Ana haya sana, na akiguswa hujikunja na kujiangusha kama aliyekufa. Akiuma, mara nyingi mtu hupata maumivu na wekundu mahali palepale.

Anao ndugu zake weusi, wanaopatikana sehemu mbalimbali za Afrika, hasa mashambani na kwenye nyasi. Hawa sumu yao ni kali zaidi. Dalili zake ni maumivu yanayoenea, misuli kukakamaa tumboni, kifuani au mgongoni, jasho jingi, kichefuchefu na moyo kwenda mbio. Mtu mzima mwenye afya mara nyingi hupona, lakini mtoto mdogo, mzee, na mama mjamzito wasisubiri nyumbani hata kidogo.

Wa pili ni buibui mwembamba wa kahawia, mwenye miguu mirefu na macho sita badala ya manane ya wenzake wengi. Hutembea usiku na kujificha mchana mahali pakavu penye giza. Jamaa zake wapo Kenya na Tanzania pia, lakini si wengi majumbani. Anapouma, mtu anaweza asisikie kitu, kisha baada ya saa kadhaa mahali hapo huvimba, na mara nyingine ngozi hufa na kuacha kidonda kinachochelewa kupona.

Hata kwa huyu, tuwe na kiasi. Katika jimbo la Kansas, Marekani, ambako jamaa yake mwenye sumu kali ni wa kawaida, familia moja ilikusanya ndani ya nyumba yake buibui 2,055 wa aina hiyo kwa muda wa miezi 6. Taarifa yake ilipochapishwa mwaka 2002, hapakuwa na mtu yeyote wa nyumba hiyo aliyekuwa amedhurika. Walilala humo, walipika humo, watoto walicheza humo. Kama buibui zaidi ya elfu mbili hawakumdhuru mtu, basi tufikiri mara mbili kabla ya kusema kila kidonda ni cha buibui ambaye hakuna aliyemwona.

Wa tatu ni yule mkubwa mwenye manyoya, anayechimba shimo ardhini na kulitandika kwa uzi wake. Akichokozwa huinua miguu ya mbele na kuonyesha meno. Akiuma, maumivu ni makali na yanaweza kudumu, lakini kwa kawaida hayahatarishi maisha. Watoto wakatazwe kuchokonoa mashimo kwa vijiti, si kwa ajili yake tu, bali kwa ajili ya nge na nyoka.

Hofu inapogeuka kuwa hatari

Ni rahisi kusema "nitapulizia dawa tu." Lakini tujiulize, katika nyumba yenye mtoto anayetambaa, ni kipi kibaya zaidi: buibui darini, au sumu iliyomwagika sakafuni anapoweka mikono na kisha kuitia mdomoni?

Dawa nyingi za kupulizia huua mende na mbu, lakini buibui aliye juu ya utando wake huguswa nazo kidogo tu. Mama akiona hafi, huongeza kipimo. Wengine huomba dawa ya shambani, ile ya pamba, kahawa au nyanya, na kuitia kwenye chupa ya soda ili waitumie ndani. Jambo hili ni la hatari kubwa. Dawa za shambani hazikutengenezwa kwa ajili ya chumba anacholala mtu. Nayo chupa ya soda, kwa mtoto, ni soda.

Vivyo hivyo mafuta ya taa. Watoto wengi katika nchi zetu wamefikishwa hospitali kwa kunywa mafuta ya taa yaliyowekwa mahali pa chini. Likitokea hilo, usimtapishe mtoto wala usimnyweshe maziwa ili atapike, kwa sababu mafuta yakirudi juu huweza kuingia mapafuni. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe.

Mtu akiumwa tufanye nini?

Kwanza tutulie. Mtoto husoma uso wa mama yake kabla ya kusikia maumivu yake.

• Osha mahali palipoumwa kwa sabuni na maji safi.
• Weka kitambaa kilicholowekwa maji baridi, au barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa, kwa dakika 10, pumzika, kisha rudia.
• Kama ni mkono au mguu, utulize na kuuinua kidogo. Vua pete, bangili na kiatu kabla uvimbe haujaongezeka.
• Unaweza kumpa dawa ya maumivu kama panadol kwa kipimo cha umri wake. Mtoto asipewe aspirini.
• Chora mstari kwa kalamu kuzunguka wekundu, uandike na saa. Kwa njia hiyo utajua kama unaenea.
• Kama mdudu amepatikana, hata akiwa amepondwa, mtie katika kichupa umpeleke kwa mganga.

Usichanje kwa wembe, usinyonye kwa mdomo, usichome kwa moto, wala usifunge kamba ya kukaza. Usipake mafuta ya taa, maji ya betri, majivu wala samadi. Vitu hivi huingiza uchafu kwenye kidonda, na samadi huweza kuleta pepopunda. Lile jiwe jeusi linalobandikwa na wengi halina nguvu ya kuvuta sumu. Linalovuta ni muda wa mgonjwa.

Nenda hospitali bila kuchelewa kama mgonjwa ana misuli inayokakamaa, jasho jingi, kutapika, kupumua kwa shida, uso au ulimi kuvimba, au homa. Nenda pia kama kidonda kinageuka cheusi, wekundu unaenea, jicho limeguswa, au aliyeumwa ni mtoto mdogo. Ukifika, eleza yale uliyoyaona tu. Badala ya kusema "aliumwa na buibui," sema "aliamka na kidonda, hatukuona kitu." Maneno hayo machache yanamsaidia daktari kutafuta ugonjwa wenyewe.

Kupanga nyumba kwa busara

Buibui hufuata chakula. Tukipunguza mende, nzi na mbu, nao watapungua bila sumu yoyote. Tuoshe vyombo kabla ya kulala, tufunike taka, na tuzime taa ya nje isipohitajika, kwa sababu taa huita wadudu, na wadudu humwita buibui. Wavu wa dirishani ukichanika, tuushone.

Kila wiki tupitishe ufagio mrefu darini na kwenye pembe, tukiondoa utando pamoja na vifuko vya mayai. Tugeuze viti vya plastiki na kuangalia chini yake. Kuni, matofali na mabati ya zamani tuyaweke mbali na ukuta wa nyumba, na anayekwenda kuyachukua avae kitu mikononi. Viatu vya shule, mabuti ya mvua na nguo zilizolala kambani usiku, vyote tuvikung'ute kabla ya kuvaliwa. Kitanda kisogezwe kidogo kutoka ukutani, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Chandarua hicho kimoja humzuia mbu, mbawakawa wa Nairobi, nge na buibui.

Buibui mkubwa akiingia chumbani, huna haja ya kupigana naye. Mfunikie bilauri, penyeza karatasi ngumu chini yake, kisha mtoe nje mbali na mlango. Lakini ukimkuta yule mwenye alama ya chungwa tumboni mahali watoto wanapochezea, usimwonee huruma. Mponde kwa kiatu au fimbo, pamoja na kifuko chake cha mayai.

Tuwafundishe watoto nini?

Mtoto hujifunza hofu kwa mama, kama anavyojifunza lugha. Kila tunapopiga yowe na kuruka juu ya kiti, tunamwekea somo ambalo atalibeba hadi nyumbani kwake mwenyewe. Pia hatumtaki mtoto asiyejua hatari, anayeshika kila kiumbe kwa mkono.

Tumfundishe sheria tatu fupi: tazama, usishike, niite. Tumkalishe mbele ya utando asubuhi wenye umande aone jinsi ulivyofumwa. Tumwonyeshe buibui wa darini na kumwambia, "Huyu anakula mbu." Tumwonyeshe, kwa mbali, yule wa chini ya kiti na kumwambia, "Huyu ukimwona, mwite mama." Dada wa kazi naye afundishwe vivyo hivyo, kwa kuwa mara nyingi ndiye anayekuwa na watoto mchana kutwa.

Baada ya siku chache utashangaa kumsikia mtoto akimweleza mwenzake uani, kwa sauti ya mwalimu, kwamba buibui ana miguu minane na hakojolei mtu.